Darasa la 2009 Lilifaulu, Shule Ndiyo Iliyofeli

Kila mwaka ikikaribia Julai, timu za besiboli za Marekani zinapojiandaa kuchagua vijana wapya, kuna posti moja lazima irudi mitandaoni. Ina picha ya dogo wa miaka 17 kavaa jezi ya Angels, anatabasamu kama kashinda bahati nasibu. Chini yake kuna orodha ya timu zilizompita. Halafu zinafuata emoji za kucheka, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kinachoka kushusha.

Dogo huyo ni Mike Trout. Mwaka ni 2009. Na shabiki anayeposti hiyo orodha huwa anamalizia kwa maneno yaleyale: hili ndilo darasa bora kuliko yote, Angels walipiga bingo, wapewe alama ya A.

Kwenye majina hajakosea. Tatizo ni kwamba kasahihisha swali moja tu, akafunga karatasi, akaondoka.

Kwa ambao hawafuatilii mchezo huu: drafti inayozungumzwa hapa sio ile ya vijiweni ya kete za vifuniko vya soda. Huu ni utaratibu wa timu kupokezana zamu za kuchagua vijana kutoka sekondari na vyuo. Kijana hachagui timu, timu ndiyo inamchagua. Mwaka 2009 kulikuwa na raundi 50, na walioitwa majina walizidi 1,500. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga ligi kuu hata siku moja. Tofauti na mpira wa kikapu, ambako kijana anaweza kuchaguliwa leo akawa staa miezi michache mbele, kwenye besiboli kijana anapelekwa kwanza ligi za chini. Kule kuna kusafiri usiku kwa basi, mshahara kiduchu, na kusubiri kuitwa.

Ndiyo maana wale wanaotoa alama asubuhi inayofuata, timu hii A, ile C, wanauza maneno tu. Darasa la besiboli linahitaji miaka 10 na zaidi ndipo lisomeke. Hili la 2009 sasa linasomeka, na ukilisoma mpaka mwisho halichekeshi hata kidogo.

Walivyopata zamu nyingi

Angels, timu ya Anaheim kule California, waliingia siku hiyo wakiwa na zamu 5 ndani ya 48 za kwanza. Walizipataje? Kwa kupoteza watu. Mark Teixeira alikuwa ameenda zake New York Yankees. Francisco Rodríguez, mrushaji aliyefunga mechi 62 msimu wa 2008 na kuweka rekodi, alikuwa ameenda New York Mets. Kanuni za wakati ule zilisema timu ikiporwa staa aliyemaliza mkataba inafidiwa zamu za kuchagua. Kwa hiyo zamu ya 24 ilitoka kwa Mets na ya 25 ilitoka kwa Yankees.

Yaani zamu iliyomleta Trout ilikuwa mali ya Yankees. Na Yankees hawakulia. Mwaka huohuo, wakiwa na Teixeira, waliwatoa Angels hatua ya mwisho kabla ya fainali, kisha wakabeba ubingwa. Jambo hilo kwenye posti ya kila Julai huwa halimo.

Zamu ya 24 Angels walimchukua Randal Grichuk, kijana wa sekondari kutoka Texas. Ya 25, Trout, kutoka mji mdogo wa Millville, New Jersey. Ya 40, Tyler Skaggs, mrushaji mashoto kutoka sekondari ya Santa Monica. Ya 42, Garrett Richards, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Oklahoma. Ya 48 akachukuliwa mrushaji mwingine ambaye hakuwahi kufika ligi kuu. Halafu raundi ya pili, zamu ya 80, akachukuliwa Patrick Corbin, mashoto mwingine, kutoka chuo cha Chipola, Florida.

Yaani wachezaji watano wa kweli wa ligi kuu ndani ya zamu 80. Timu nyingi zikipata wawili kwenye mwaka mmoja zinachinja mbuzi.

Kicheko kisicho na maana

Kwanza, hao waliomkosa Trout. Timu zaidi ya 20 zilimpita, ni kweli. Ila New Jersey kuna baridi, msimu wa sekondari ni mfupi, na maskauti wengi walikuwa na mashaka na ubora wa wapinzani aliokuwa anawapiga. Skauti wa Angels aliyempigania alikuwa na faida ambayo wengine hawakuwa nayo: aliwahi kucheza ligi za chini timu moja na baba yake Trout. Aliijua ile familia na ile damu. Hicho kitu hakipo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Pili, wanaomcheka Grichuk eti "alichaguliwa kabla ya Trout" hawajafikiri hata dakika moja. Zamu mbili zikifuatana na zote ni zako, unawachukua wote wawili. Nani katangulia kutajwa haina uzito wowote. Grichuk amecheza ligi kuu zaidi ya misimu 10, kitu ambacho wengi wa wale 1,500 wangetoa mkono mmoja kukipata. Lakini kwa kuwa kapangwa jirani na mchawi wa mchezo, mitandao imemgeuza utani wa kudumu. Ukichukua mtu aliyefanikiwa na kumwita garasa kwa sababu tu ya jirani yake, hapo unatafuta kiki. Uchambuzi ni kitu kingine.

Sasa shule yenyewe

Hapa ndipo wapiga makofi wanaponyamaza.

Julai 2010, miezi 13 tu baada ya drafti, Angels waliwatoa Corbin na Skaggs kwenda Arizona Diamondbacks kwenye dili la kumpata Dan Haren. Haren hakuwa garasa. Alikuwa mrushaji wa maana na mwaka 2011 alishinda mechi 16. Ila alikaa Anaheim mpaka 2012, na ndani ya muda wote huo Angels hawakuingia hatua ya mtoano hata mara moja. Vijana wawili wa darasa la dhahabu waliondoka kabla hata hawajakomaa, na kilichorudi hakikufika popote.

Miezi michache baadaye, msimu wa 2010 ulipoisha, jamaa aliyekuwa anaongoza idara ya kuchagua vijana naye akaonyeshwa mlango. Ndiyo, huyohuyo. Aliyesimamia drafti ambayo leo inaimbwa kila Julai alifukuzwa kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kuifanya. Trout wakati huo alikuwa bado ligi za chini, hajarusha hata mguu kwenye uwanja wa wakubwa. Sasa klabu inapopokea sifa za 2009, inapokea sifa za mtu iliyemtimua.

Halafu Trout akapanda, Julai 2011. Mwaka 2012 akawa Mchezaji Bora Chipukizi. Akachukua tuzo ya Mchezaji Bora wa American League mara 3: 2014, 2016 na 2019. Mara nyingine 4 akashika nafasi ya pili. Kwa kipimo cha WAR, kinachohesabu ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu yake kuliko mbadala wa kawaida, kavuka 80. Hiyo ni namba ya watu wanaowekewa sanamu.

Klabu ikafanya nini na huyo mtu? Ikamwaga hela kwa wakongwe. Mmoja alipewa miaka 10 na dola milioni 240, akaja kuachwa kabla mkataba haujaisha. Mwingine alipewa miaka 5 na dola milioni 125, akacheza misimu miwili tu Anaheim kabla ya kurudishwa alikotoka. Wakati huo safu ya warushaji, ambayo Corbin na Skaggs wangekuwa ndani yake, ilikuwa inazibwazibwa kila mwaka kama tairi la bodaboda.

Matokeo yapo wazi. Mwaka 2014 Angels walishinda mechi 98, nyingi kuliko timu yoyote msimu ule. Wakaingia mtoano, wakakutana na Kansas City Royals, wakachapwa 3-0 na kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo mara pekee Trout kacheza mtoano. Tangu 2016 kila msimu walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, na 2024 walifika vipigo 99, rekodi mbaya kuliko zote za klabu. Hata Shohei Ohtani, aliyekaa pale kuanzia 2018 mpaka 2023, hakuonja mtoano akiwa na jezi hiyo. Alivyohamia Dodgers, mwaka wake wa kwanza tu akabeba ubingwa.

Mchezaji mmoja kutobeba kombe ni bahati mbaya, hayo yapo. Lakini ukipewa Trout na Ohtani kwa pamoja miaka 6 na hujaingia mtoano hata mara moja, neno bahati halitoshi tena.

Wenzake walienda kung'aa kwa majirani

Corbin ndiye anayeuma zaidi. Mwaka 2018 aliteuliwa kucheza mechi ya mastaa akiwa Arizona, kisha akasaini na Washington Nationals miaka 6 kwa dola milioni 140. Oktoba 30, 2019, mechi ya 7 ya fainali, ugenini Houston, aliingia katikati ya mechi na kurusha ingizo 3 bila kuruhusu hata pointi moja. Nationals walishinda 6-2 wakawa mabingwa, na Corbin ndiye mrushaji aliyeandikiwa ushindi. Mchezaji bora wa fainali ile alikuwa Stephen Strasburg, yule aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka uleule wa 2009.

Kwa hiyo usiku ule kulikuwa na vijana wawili wa drafti ya 2009 wanamwagiana shampeni, na mmoja wao alikuwa ameokotwa na Angels. Trout alikuwa kwao anaangalia.

Haki isemwe pia: baada ya hapo Corbin aliporomoka. Mwaka 2021 alipoteza mechi 16, mwaka 2022 akapoteza 19, na watu wa mitandao wakamla nyama. Ila mashabiki wa Washington wanajua walichonunua. Walinunua ingizo 3 za usiku mmoja, na bendera inapepea mpaka leo.

Richards yeye alibaki. Mwaka 2014 alikuwa moto wa kuotea mbali, kashinda 13 na kupoteza 4. Agosti, uwanja wa Boston, akakimbia kwenda kulinda beisi ya kwanza, goti likakatika. Angels wakaenda mtoano bila mrushaji wao bora na kilichotokea tayari kimesemwa. Kisha kiwiko nacho kikaleta shida, na miaka yake mizuri ikaishia kwenye vitanda vya madaktari. Hiyo sio kosa la mtu, na asiyelijumlisha hilo kwenye hesabu anadanganya upande wa pili.

Nafasi ya 40

Kwenye orodha za mitandaoni, Skaggs huwa ni mstari mmoja: nafasi ya 40, mashoto, rekodi ya wastani. Watu wanapita.

Huyu alizaliwa na kukulia hapohapo California. Angels walimtoa 2010, kisha mwisho wa 2013 wakamrudisha kwa dili jingine. Alipasuliwa kiwiko, akakaa nje muda mrefu, akarudi. Alipendwa mno na wenzake. Julai 1, 2019, timu ikiwa safarini Texas, alikutwa amefariki kwenye chumba cha hoteli. Alikuwa na miaka 27. Vipimo vilionyesha pombe na dawa kali za maumivu, ikiwemo fentanili. Mwaka 2022 mtu aliyekuwa mfanyakazi wa klabu, idara ya mawasiliano, alitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho kwa kumpa dawa hizo, akahukumiwa miaka 22 jela.

Julai 12, 2019, mechi ya kwanza nyumbani tangu msiba, wachezaji wote wa Angels walivaa namba 45, namba ya Skaggs. Mama yake alirusha mpira wa ufunguzi. Trout, waliyechaguliwa naye siku moja wakiwa madogo wa miaka 17, akapiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka uzio. Warushaji wawili wa Angels wakamaliza mechi nzima bila kuwaruhusu Seattle Mariners pigo hata moja. Ikaisha 13-0. Mwishoni wakavua jezi zao wakazitandaza pale mrushaji anaposimama. Kesho yake ingekuwa siku ya kuzaliwa ya Skaggs.

Sasa mtu aje na jedwali la alama. Ataweka herufi gani hapo?

Klabu inapomchukua kijana wa miaka 17 kutoka kwa mama yake, imechukua zaidi ya mkono unaorusha vizuri. Itamtibu, itamsafirisha, itamuwekea watu wa kumzunguka. Ukitathmini darasa bila kuuliza hao watoto waliishije chini ya mikono ya hiyo klabu, umetathmini ng'ombe mnadani.

Utetezi wao

Wapo watakaosema: drafti ni drafti, mengine ni mengine. Anayechagua apimwe kwa kuchagua tu. Aliyeuza, aliyekosa kujenga timu, goti la Richards, hayo yana mitihani yake.

Hoja hiyo ina uzito. Basi ifuatwe mpaka mwisho wake. Kama ni hivyo, alama ya A ni ya maskauti na bosi wao aliyefukuzwa, sio ya klabu. Shabiki wa Angels hawezi kuitumia kumtambia shabiki wa timu nyingine. Na klabu haiwezi kuipaka kwenye historia yake kama marashi huku waliofanya kazi hiyo ikiwa iliwaonyesha mlango.

Wengine watasema Trout kaumia sana. Kweli, tangu 2021 mwili umemgomea: ndama ya mguu, mgongo, mkono, goti. Lakini kuanzia 2012 mpaka 2019 alikuwa mzima kwa sehemu kubwa na alikuwa mchezaji bora duniani. Misimu 8. Mtoano mara 1. Ushindi kwenye mtoano: 0. Hapo majeruhi wanahusikaje?

Na wapo wa tatu, wanaosema Trout mwenyewe kajitakia, kwa nini alisaini miaka 12 na zaidi ya dola milioni 426 mwaka 2019 badala ya kukimbia. Huyu ni mtu aliyechagua kubaki na waliomwamini wakati wengine wamempita. Uaminifu wa mchezaji haugeuki kuwa kosa kwa sababu tu klabu ilishindwa kuulipa.

Kwa hiyo posti itakaporudi Julai, ile picha ya dogo anayetabasamu itastahili kutazamwa vizuri. Siku ile ya drafti, kati ya vijana wote waliotarajiwa kuchaguliwa, ni yeye peke yake aliyefika studio, pale New Jersey, jimbo la kwao. Wengine walibaki nyumbani. Alikaa akasubiri majina 24 yasomwe ndipo likaja lake. Alifanya kila alichoombwa, na wenzake watano wa mwanzo, ukimtoa mmoja, walifika juu kama ilivyotarajiwa.

Wanafunzi walifaulu. Mwenye kustahili kuulizwa kwa nini kabati la makombe halijaongezeka kitu yuko ofisini, na kwenye ile picha hayumo.

Wadau, darasa la 2009 linastahili alama gani, na nani aandikiwe jina lake juu ya karatasi? Uwanja ni wenu.